Neno la Bwana Shamba Lina Thamani ya Kilo Ngapi?

Wanachama wapenzi, katika mkutano wetu uliopita lilizuka swali ambalo halikupata jawabu, nasi tumeona si vema liachwe lilale mpaka mkutano ujao. Mwanachama mmoja alisimama akauliza: fedha tunazotoa katika mfuko wa chama kwa nauli na chakula cha Bwana Shamba anapotuzungukia, na siku tunazoacha kazi zetu kwenda kumsikiliza, zaturudishia nini? Wako waliojibu ya kuwa zaturudishia mengi, kwani mikarafuu yao imestawi tangu walipoanza kuyafuata maneno yake. Wako waliojibu ya kuwa hazirudishi kitu, kwani wao pia waliyafuata na msimu ukawa mbaya vile vile. Kila upande ulisema kwa sauti kubwa, wala hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeshika daftari mkononi.

Jambo hili si dogo. Mkutano mkuu utakaofuata baada ya msimu utatakiwa kuamua kama fungu hilo la fedha libaki, liongezwe, au lihamishiwe kwenye majamvi na ngazi. Tukiamua kwa kelele, twaweza kuifuta kazi inayotulisha. Ama twaweza kuendelea mwaka hata mwaka kulipia maneno matupu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ushauri nao ni mali, basi na uingie daftarini kama karafuu zinavyoingia.

MAMBO MATATU YANAYOTUPOTEZA

La kwanza ni kulinganisha mwaka na mwaka. Mkarafuu si mhogo. Mwaka mmoja huzaa mpaka matawi yakainama, na mwaka unaofuata ukatoa vikonyo vya kuhesabika. Hiyo ndiyo tabia yake, Bwana Shamba aje asije. Juu ya hayo kuna mvua, jua na upepo. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na ile ya Pemba ikasalimika kwa wingi. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa zaidi la karafuu. Mtu ambaye angepima kazi ya mkulima wa Unguja kwa mavuno ya kabla na baada ya mwaka ule angemwita mvivu, naye hana kosa. Basi asemaye, "Mwaka jana nilipata magunia mawili, mwaka huu nimepata manne, ahsante Bwana Shamba," hajapima kitu bado. Na asemaye, "Nilipata manne, sasa nimepata mawili, Bwana Shamba ameniharibia," naye hajapima.

La pili ni bei. Indonesia ndiyo nchi inayolima karafuu nyingi kupita zote, na ndiyo inayotumia nyingi kupita zote, kwa ajili ya sigara zake za kretek. Zamani ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa. Katika miaka ya 1980 mashamba yake yenyewe yalipoanza kuitosheleza, bei ya dunia ilianguka, na wengi visiwani waliiacha mikarafuu yao ikamezwa na magugu. Fikirini mkulima aliyefuata kila ushauri katika miaka ile: kilo zake zaweza kuwa ziliongezeka, na shilingi zake zikapungua. Kwa hiyo bei isitumiwe kumsifu Bwana Shamba inapopanda, wala kumlaumu inapoteremka. Bei haitoki mdomoni mwake.

La tatu ndilo lililofichika zaidi, nalo ni watu wenyewe. Tazameni ni nani anayekuja kwenye mafunzo. Ni yule ambaye konde lake ni safi tangu hapo, ambaye ngazi zake ni nzima na jamvi lake halina tundu. Tena Bwana Shamba hupenda kwenda penye njia nzuri na mwenyeji msikivu. Tukiweka mavuno ya waliotembelewa upande mmoja na ya wasiotembelewa upande wa pili, twadhani tunapima ushauri, kumbe twapima bidii ya watu na uzuri wa ardhi yao.

Hata wataalamu wakubwa wamejikwaa hapa. Kenya ilianza mwaka 1982 kufuata utaratibu uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ambao kwa huo Mabwana Shamba walifundishwa kila baada ya muda maalumu, kisha wakawazungukia wakulima waliochaguliwa kwa ratiba. Katika miaka ya 1990 wachumi Vishva Bindlish na Robert Evenson walipiga hesabu wakaona ya kuwa utaratibu ule ulirudisha faida kubwa mno. Mwaka 1999 Madhur Gautam na Jock Anderson waliichambua upya habari ile ile. Walipozitia hesabuni tofauti zilizokuwako baina ya wilaya na wilaya, faida ile kubwa haikuthibitika tena. Hawakusema ya kuwa ushauri haufai. Walisema kipimo kilichotumika hakikuweza kuutenga ushauri na ardhi njema. Ikiwa wenye elimu na vitabu hupotea hapo, sisi tuliokuwa tukibishana mkutanoni tusijione tumefedheheka.

DAWA YAKE NI UPANDE WA PILI

Dawa ya haya yote ni moja, nayo ni kongwe. Huko Rothamsted, Uingereza, mwaka 1843 John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert walianza kujaribu mbolea katika shamba la ngano. Waliligawa shamba lile vipande vipande, wakatia mbolea mbalimbali, lakini kipande kimoja wakakiacha bila mbolea yoyote. Kipande hicho kingali kinalimwa hivyo mpaka leo. Mtu asiyejua angekiona kuwa ni ardhi iliyopotezwa bure; kwa kweli ndicho kinachovipa vipande vingine maana, kwa kuwa mvua ile ile huvinyea vyote na jua lile lile huvipiga vyote. Kinachobaki baada ya hapo ndiyo kazi ya mbolea.

Na tusidhani ya kuwa hayo ni ya maprofesa peke yao. Huko Busia, magharibi ya Kenya, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, ambao walitoa habari zao mwaka 2008, waliwafuata wakulima wa mahindi katika makonde yao wenyewe. Vipande vidogo vilipimwa. Kimoja kikatiwa mbolea, kingine kikaachwa, na mavuno ya kila kimoja yakapimwa peke yake. Matokeo yake yanafaa kusomwa mara mbili. Nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo ilimletea mkulima faida nzuri. Lakini utaratibu kamili ulioshauriwa na Wizara ya Kilimo, wenye mbegu chotara, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, uliongeza mahindi bila ya kumlipa mkulima wa kawaida gharama zake. Yaani ushauri waweza kuwa wa kweli shambani na usiwe wa faida mfukoni. Basi kupima mavuno peke yake hakutoshi. Sharti gharama nazo zipimwe.

JINSI YA KUPIMA KATIKA SHAMBA LA MIKARAFUU

Chagueni mikarafuu 20 yenye umri na ukubwa unaokaribiana. Iwekeni jozi jozi, mti na mwenziwe wanaofanana, zipatikane jozi 10. Kwa kila jozi rusheni sarafu: upande mmoja, mti wa kwanza utafuata ushauri, upande wa pili, mwenziwe. Msichague kwa macho, maana jicho la mwenye shamba hupenda mti mzuri, nao ungezaa vizuri hata bila ya ushauri. Ichague sarafu, ambayo haina upendeleo. Tieni alama ya chokaa kwenye shina. Ikiwa ushauri ni wa mbolea, msiache miti miwili ya jozi bega kwa bega, kwani mizizi haijui mpaka. Uwepo mti mwingine katikati.

Wakati wa kuchuma, wachumaji wawe wale wale kwa miti ya pande zote mbili, na kila upande uwe na pakacha lake. Baada ya kuchambua na kuondoa makonyo, pimeni karafuu mbichi siku hiyo hiyo kabla hazijachanganywa. Mwajua ya kuwa kilo 3 za mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu. Basi gaweni kwa tatu muandike. Mizani ya chama ipo, na mwanachama yeyote aweza kuiazima kwa zamu.

Ikiwezekana, andikeni pia mavuno ya miti hiyo hiyo msimu mmoja kabla ya kuanza. Faida yake mtaiona sasa hivi.

MFANO WA HESABU

Huu ni mfano wa kujifunzia tu, si habari ya shamba la mtu. Kwa kuwa bei hubadilika, tutageuza kila kitu kiwe kilo za karafuu kavu. Tuseme ujira wa kibarua wa siku moja ni sawa na thamani ya nusu kilo.

Miti 10 iliyofuata ushauri imetoa kilo 46. Miti 10 iliyoachwa imetoa kilo 40. Mwenye haraka atasema, "Faida kilo 6!" Lakini afungue daftari la msimu wa kabla: miti ile ya kwanza ilitoa kilo 41 na ya pili kilo 39, hali hapakuwa na ushauri wowote. Tofauti ya kilo 2 ilikuwako tangu hapo. Basi kilo zinazoweza kuhesabiwa kwa ushauri ni 4, si 6.

Sasa tutoe gharama. Palizi na kutandaza majani kumechukua siku 5 za kazi, yaani kilo 2 na nusu. Msiseme, "Nililima mwenyewe na wanangu, sikulipa mtu." Siku ya mwanao nayo ni siku, angeweza kwenda baharini au kuchuma kwa jirani akaleta kitu. Tena kilo 4 zilizozidi hazikujichuma wala kujianika. Kuchuma, kuchambua na kuanika tuseme kumekula kilo 1. Kilichobaki ni nusu kilo kwa miti 10.

Nusu kilo! Wengine watacheka. Lakini ni nusu kilo ya kweli, na tena ni ya mwaka wa kwanza. Ikiwa mwaka wa pili palizi itachukua siku 2 badala ya 5, kwa sababu magugu yamepungua, faida itapanda hadi kilo 2 hata kama mavuno hayakuongezeka tena. Ndiyo maana twaomba hesabu ifanywe kwa misimu mitatu au zaidi, isihukumiwe kwa mmoja.

SI USHAURI WOTE HUPIMWA KWA KIPIMO KIMOJA

Ushauri wa Bwana Shamba ni wa namna tatu. Wa kwanza ni wa msimu wenyewe: kuchuma vikonyo vikiwa vimejaa na kuanza kubadilika rangi, kabla havijafunguka, na kuanika vizuri. Huu ndio rahisi kuupima. Chukueni karafuu mbichi za siku moja, mzigawe sawa kwa mizani. Nusu moja ianikwe kwenye jamvi kwa kutandazwa nyembamba na kugeuzwageuzwa. Nusu nyingine ifanyiwe kama mlivyozoea. Karafuu zikilazwa fungu usiku mzima huchacha, zikatoka nyeupe na kunyauka, na mnunuzi huziweka daraja la chini. Andikeni uzito na daraja la kila nusu. Jawabu hupatikana katika wiki moja, na gharama yake ni kugeuza tu.

Wa pili ni wa kuuokoa mti uliopo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wataalamu F. J. Nutman na F. M. Roberts walichunguza magonjwa ya mikarafuu yetu, wakaonyesha ya kuwa kuvu mmoja wa kukausha matawi huingia mtini kwa kupitia majeraha. Tawi linalovunjwa na mchumaji mwenye pupa ni mlango uliofunguliwa. Faida ya ushauri wa kutovunja matawi, na wa kukata tawi linalokufa mpaka kwenye mti mzima, haionekani kwa kilo za mwaka huu. Huonekana kwa matawi ambayo hayakukauka. Nani ahesabuye kisichotokea? Sisi twaweza: kila mwaka, baada ya msimu, hesabuni matawi makavu na miti iliyokufa, muandike. Ila hapa twatoa onyo. Ugonjwa ukishaingia, msiache miti bila ya kutibiwa eti mpate upande wa kulinganisha. Hesabu hiyo ingetugharimu shamba, na jirani pia. Hapo tulinganishe na madaftari ya miaka iliyopita, tukijua ya kuwa kipimo chetu ni hafifu zaidi.

Wa tatu ni wa mti ujao. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8 hivi, na anayengoja mpaka hapo ndipo ajue kama ushauri wa miche ulifaa atakuwa amechelewa. Pimeni miche iliyo hai kila kiangazi kinapokwisha. Tuchukue mfano tena: miche 50 kwa desturi ya zamani imekula siku 10 za kazi na imebaki hai 20, kila mche ulio hai umegharimu nusu siku. Miche 50 kwa ushauri, yenye kivuli, matandazo na maji ya kiangazi, imekula siku 16 na imebaki hai 40. Kila mmoja umegharimu siku moja gawanya kwa mbili na nusu, yaani chini ya nusu siku. Aliyetazama siku za kazi peke yake atasema ushauri ni ghali. Aliyehesabu miche iliyosimama atasema ni rahisi.

Tusisahau pia ushauri wa kusema "usinunue." Bwana Shamba akikwambia ya kuwa dawa unayotaka kununua si ya ugonjwa huo, fedha uliyobaki nayo ni faida, nayo iandikwe.

HESABU YA CHAMA

Turudi sasa kwenye mfuko. Tuseme gharama ya kumleta Bwana Shamba kwa mwaka ni sawa na bei ya kilo 30. Tukitumia mfano wetu wa nusu kilo kwa miti 10, tutahitaji miti 600 iliyotunzwa kwa ushauri wake ili mfuko urudishe kilichotoka. Wanachama 30 wakitunza miti 20 kila mmoja, tumefika. Wa 31 ndiye anayeanza kutuletea faida. Lakini wakija 60 kusikiliza, wakatikisa vichwa, kisha wakafuata 10 tu, tumepata hasara, na hasara hiyo si ya maneno ya Bwana Shamba. Nauli haipungui kwa sababu msikilizaji amelala. Ushauri usiofuatwa una gharama ile ile ya ule uliofuatwa.

Upande wa pili, neno jema halina ua. Jirani asiyehudhuria huchungulia, akaona miche imesimama, akaiga. Kilo zake haziingii katika hesabu yetu kwa urahisi, nazo ni matunda ya ushauri ule ule. Kwa hiyo tutakapokusanya habari tutauliza pia: ni nani aliyeiga kwako?

Bwana Shamba mwenyewe tumekwisha kumweleza mpango huu, naye ameukubali kwa moyo mkunjufu, kwani wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Asiyepimwa husifiwa bure au hulaumiwa bure, na yote mawili hayamfai mtu wa kazi.

Basi twawaomba wanachama watakaokubali kutenga jozi 10 za mikarafuu walete majina yao kwa katibu kabla ya kuchuma kuanza. Kila mmoja atapewa daftari lililopigwa mistari tayari: mti, alama, kilo mbichi, siku za kazi, vitu vilivyonunuliwa. Asiyeweza kuandika atasaidiwa na mwanawe wa skuli au na sisi wenyewe. Miti 20 ya mtu mmoja yaweza kudanganya, kwani mti mmoja wenye bahati huinua upande mzima. Lakini madaftari ya wengi yakiwekwa pamoja, bahati ya huyu hufutwa na mkosi wa yule, ukabaki ukweli. Waliosema ushauri haufai ndio tunaowataka zaidi, maana daftari la mwenye shaka ndilo litakaloaminiwa na wote.

Mkutano mkuu ukifika, inshallah, tutayasoma majumla mbele yenu, yawe matamu au machungu, na kila mmoja atapiga kura yake akijua anakata nini na anabakisha nini.

Wassalaam,
Katibu wa Chama